Okestra nje ya ukumbi: majibu kwa wasomaji wanaosafiri majira ya joto

Barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimetoka miji mbalimbali, lakini nyingi zinahusu jambo moja: wasomaji wanaokwenda Ulaya au Marekani kati ya Juni na Agosti wanataka kusikiliza muziki wa klasiki unaopigwa nje, kwenye bustani, viwanja vya kale na kando ya maziwa. Tumechagua barua tano. Katika majibu yote tumeshikilia neno moja, kwamba mahali pa kwenda pachaguliwe kwanza kwa namna sauti inavyomfikia msikilizaji, kisha ndipo mandhari na umaarufu vifuate.

Mimi na mke wangu tutakuwa Ulaya wiki mbili za mwanzo wa Julai. Kila rafiki anatutajia mahali pake: Verona, Bregenz, Berlin, Vienna. Sisi ni waimbaji wa kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, ila hatujawahi kukaa mbele ya okestra kamili. Twende wapi, na tukate tiketi za viti gani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ndugu yetu, kalenda imekwisha kuwapunguzia kazi. Tamasha la bure la okestra ya Vienna Philharmonic katika bustani ya kasri la Schönbrunn hufanyika mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Berlin Philharmonic nayo hufunga msimu wake katika uwanja wa Waldbühne karibu na mwisho wa Juni, na tamasha la opera la Bregenz, kando ya ziwa nchini Austria, kwa kawaida huanza Julai ikiwa imefika katikati. Kwa tarehe zenu inabaki Verona, ambako msimu huanza Juni na kuendelea hadi mwanzoni mwa Septemba, na kwa bahati nzuri hapo ndipo ambapo hata hivyo tungewapeleka watu wa kwaya.

Uwanja wa Arena di Verona, nchini Italia, ulijengwa na Warumi katika karne ya kwanza. Opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ilianza kusikika humo mwaka 1913, pale mwimbaji wa sauti ya tenori Giovanni Zenatello na wenzake walipoandaa *Aida* kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mtunzi wake, Giuseppe Verdi. Uwanja una umbo la yai, ngazi zake za mawe zinapanda pande zote, na kwa desturi waimbaji wake huimba bila vipaza sauti, wakitegemea mapafu yao na mawe yaliyowazunguka. Jambo hili ndilo linalotufanya tuupendekeze kwenu. Mtu aliyezoea kuimba sauti ya nne katika kwaya anajua kazi iliyopo katika kuifikisha sauti hadi mlango wa nyuma wa kanisa. Hapo Verona mtashuhudia kazi hiyo ikifanywa mbele ya maelfu ya watu, chini ya anga tupu. Chagueni opera ambayo kwaya ina nafasi kubwa. *Aida* ni mojawapo, na *Nabucco* ni nyingine, maana wimbo wake wa Waebrania walioko utumwani hupendwa kiasi kwamba mara nyingi hadhira ya Verona hudai urudiwe, na kwaya huurudia.

Kuhusu viti, gharama kubwa iko katika viti vya chini mbele ya jukwaa, na huko watu huvaa nguo rasmi. Ngazi za mawe ni rahisi zaidi, na kwa maoni yetu anayezikalia hakosi kitu muhimu, mradi awahi. Kateni tiketi mapema ili mpate upande unaotazamana na jukwaa moja kwa moja, kwa sababu anayekaa pembeni kabisa huona jukwaa kwa ubavu na kusikia upande mmoja wa okestra ukiuzidi mwingine. Jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hadi usiku, na ugumu wake hausahauliki kwa urahisi, kwa hiyo chukueni mto mdogo, au kanga mbili zilizokunjwa mara kadhaa. Ni desturi ya wale wa ngazi za juu kuwasha mishumaa midogo giza linapoingia na opera kuanza.

Onyesho huanza saa 3 usiku au baadaye kidogo, kwa sababu mwanzoni mwa Julai jua la Verona huzama karibu na saa hiyo, na *Aida* yenye mapumziko yake hupita usiku wa manane. Pangeni malazi ndani ya mji, mahali pa kurudi kwa miguu, wala msitegemee treni. Na kabla ya kuondoka Dar es Salaam someni kisa cha opera hiyo mwanzo hadi mwisho, mkasikilize kwaya zake mara kadhaa, kwa kuwa maneno yataimbwa kwa Kiitaliano na usiku ule hamtapata muda wa kuuliza nani anamsaliti nani.

Ninajifunza fidla, na mwezi Julai nitakuwa kwa shangazi yangu Chicago. Mwalimu wangu anasema muziki wa klasiki unaopitia spika si muziki wa klasiki tena, na kwamba nisipoteze jioni zangu bustanini. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Mwalimu wako ana hoja, na tungependa uielewe kabla hatujakuonyesha mahali ambapo hoja hiyo inapungua nguvu. Ndani ya ukumbi mzuri, sauti ya fidla haikufikii mara moja tu. Inakuja moja kwa moja kutoka kwenye ala, kisha inakuja tena na tena ikiwa imegonga kuta na dari, na masikio huunganisha marudio hayo yote kuwa sauti moja nene yenye joto. Nje hakuna ukuta wala dari. Sauti ikitoka kwenye ala hutawanyika ikapotea, na upepo huipotosha njiani, kwa hiyo fidla ishirini zinaweza kusikika nyembamba kama tano. Spika zikiletwa kutibu tatizo hilo, mara nyingi huleta tatizo jingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani huisikia okestra ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, na kama kando yake kuna spika inayotoa sauti papo hapo, atasikia kila pigo la ngoma mara mbili.

Lakini mji unaokwenda ndio uliolishughulikia tatizo hili kwa makini kuliko miji mingi. Tamasha la Grant Park la Chicago lilianza mwaka 1935 na ni la bure mpaka leo, na tangu 2004 hufanyika katika jukwaa la Jay Pritzker Pavilion, ndani ya bustani ya Millennium Park, lililosanifiwa na Frank Gehry. Mbele ya jukwaa kuna viti 4,000, na nyuma ya viti kuna uwanja wa nyasi unaochukua watu wapatao 7,000. Ukiinua macho ukiwa kwenye nyasi utaona mabomba ya chuma yaliyopinda na kukutana juu, mithili ya wavu mkubwa uliofunika uwanja mzima. Mabomba hayo yamebeba spika. Kila safu ya spika hucheleweshwa kwa kipimo kinacholingana na umbali wake kutoka jukwaani, ili sauti yake ikufikie pamoja na ile ya okestra, na spika nyingine hutoa sauti hafifu zinazoiga yale marudio ya kuta na dari. Ndiyo sababu aliyekaa nyasini hahisi kwamba fidla inalia juu ya kichwa chake. Masikio humwambia kwamba sauti inatoka mbele, walipo wanamuziki.

Kwa hiyo nenda, ila nenda kama mwanafunzi. Jioni moja kaa kwenye viti, karibu iwezekanavyo, usikilize ala zenyewe; jioni nyingine kaa katikati ya nyasi, usikilize kazi ya mafundi wa sauti, halafu ulinganishe. Muhimu zaidi kwako ni mazoezi. Okestra ya Grant Park hufanya mazoezi yake mchana wa siku za kazi kwenye jukwaa hilohilo, na watu wanaruhusiwa kukaa kusikiliza bila malipo. Utaona kondakta, yaani kiongozi wa okestra, akisimamisha simfonia katikati, akiwarudisha fidla za pili kwenye mistari minane iliyolegea, na kuwataka wote wakubaliane mahali pa kugeuza upinde. Mtu anayejifunza ala hujifunza katika saa moja ya namna hiyo mambo ambayo onyesho lililokamilika humficha.

Tazama pia vibanio vya nguo kwenye karatasi za noti, ambavyo ndivyo kinga ya wanamuziki dhidi ya upepo kila mahali okestra inapopiga nje. Sikiliza kwa makini wakati oboe, ala ya mbao ya kupuliza, inapotoa noti ya A ili wengine walinganishe ala zao. Hewa ikipata joto, filimbi na tarumbeta hupanda juu ya noti, wakati nyuzi za fidla huyumba kufuatana na joto na unyevu, kwa hiyo okestra iliyoanza jioni ikiwa imelingana inaweza kuhitaji kulinganisha tena baada ya mapumziko. Ikiwa utasafiri na fidla yako, usiiache ndani ya gari la shangazi mchana wa Julai, kwa maana gundi ya asili inayoshika mbao za fidla hulegea kwa joto.

Assalaam aleikum. Mwanangu anaishi New York na amenialika Juni. Anataka kunipeleka pamoja na wajukuu wawili, wa miaka mitano na minane, kusikiliza okestra katika bustani. Nahofia mambo matatu: sala ya Magharibi, watu kunywa pombe karibu yetu, na kama mama wa umri wangu aliyevaa buibui atakaa raha kwenye mkusanyiko kama huo.
*Mama, Mombasa*

Waaleikum salaam, Mama yetu. Okestra ya New York Philharmonic imekuwa ikipiga bure katika bustani za mji huo tangu 1965, na jioni mashuhuri kuliko zote ni ile ya Great Lawn, uwanja mpana wa nyasi ulio katikati ya Central Park. Hapo ndipo Julai 1986 palipokusanyika umati uliokadiriwa kufikia watu 800,000, siku za kuadhimisha miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru. Jioni za kawaida hazina umati wa kiasi hicho, na nafasi ya kutandika jamvi hupatikana.

Tuanze na sala. Onyesho kwa kawaida huanza saa 2 usiku, na jua la Juni huko huzama karibu na saa 2:30, kwa hiyo Magharibi itaingia muziki ukiwa umeanza. Uwanja ni mpana, na pembezoni mwake pana nafasi ya kutosha kwa mtu kuondoka kimya, akasali na kurejea bila kumsumbua yeyote. Kaeni basi ukingoni mwa umati tangu mwanzo, wala msijipenyeze katikati. Chukua udhu nyumbani, kwa sababu foleni za vyoo ni ndefu. Kumbuka pia kwamba Mombasa unaelekea kaskazini, lakini New York Kibla ni kaskazini-mashariki, na ni vyema mwanao akuonyeshe upande kungali mwanga. Kama bado utahesabiwa msafiri siku hiyo, madhehebu ya Shafi yanatoa ruhusa ya kuijumuisha Magharibi na Isha. Hilo muulize sheikh wako kabla ya safari, maana inategemea utakaa siku ngapi.

Kuhusu pombe, sheria za bustani za New York haziruhusu kunywa, ingawa wapo watakaokuja na chupa ndani ya vikapu vyao vya chakula. Kwa kawaida ni watu watulivu, na familia zenye watoto huelekea kukaa pamoja. Tafuteni walipo, mtandike jirani yao. Mavazi yasikushughulishe hata kidogo. Katika uwanja ule utakuta mavazi ya dunia nzima, na anayehitaji kufikiria nguo zaidi ni yule anayekwenda viti vya mbele vya jumba la opera.

Wajukuu ndio tunaowafikiria zaidi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa kimya kwa saa moja na nusu, na hakuna atakayemtarajia afanye hivyo nyasini. Hiyo ni neema kubwa ya muziki wa nje. Wapeni chakula kabla ya mwanzo, na wapeni kitu cha kusubiri: waambieni wasikilize mpaka watakapotambua tarumbeta, au wahesabu ni mara ngapi ngoma kubwa imelia. Maonyesho haya mara nyingi humalizika kwa fataki, na mtoto ambaye hakuambiwa mapema anaweza kuogopa sana mlipuko wa kwanza. Jioni za Juni hupoa jua likishazama, kwa hiyo wachukulieni watoto sweta, nawe mtandio mzito.

Sisi wa Muscat tumezoea opera ndani ya jumba letu, ambalo lilifunguliwa 2011 kwa *Turandot*. Agosti tutakuwa Austria na tumeshakata tiketi za Bregenz. Sasa tunasikia kwamba mvua hunyesha hapo mara kwa mara. Je, fedha zetu zitapotea?
*Familia, Muscat*

Mvua hunyesha, na waandaaji wa Bregenz wameijenga kazi yao wakijua hivyo. Tamasha lilianza 1946, mwaka mmoja baada ya vita, katika mji usio na jumba la opera. Matishari mawili ya kubebea kokoto yaliegeshwa bandarini kwenye ziwa Constance, moja likabeba jukwaa na jingine okestra, na kazi iliyopigwa ilikuwa ya Mozart. Leo jukwaa kubwa limesimama ndani ya maji, na watu karibu 7,000 hukaa nchi kavu wakilitazama ziwa. Okestra, ambayo tangu mwaka ule wa kwanza ni Vienna Symphony, siku hizi haikai nje. Hupiga ndani ya ukumbi ulio nyuma ya hadhira, sauti yake ikaletwa uwanjani kwa mitambo, na waimbaji nao huvaa vipaza sauti vidogo. Kwa kuwa ala ziko pakavu, manyunyu hayasimamishi kitu, na waimbaji huendelea wakiwa wamelowa.

Verona ni kinyume chake. Huko okestra iko wazi mbele ya jukwaa, na matone ya kwanza yakianguka wapiga fidla huinuka na kukimbilia ndani na ala zao, kwa sababu mbao na gundi haviwezi kuvumilia maji. Hadhira husubiri, wakati mwingine kwa muda mrefu, na mvua ikipita wanarudi na kuendelea walipoishia.

Kwa hiyo kwenu ninyi swali la kweli ni aina ya tiketi mliyonunua. Dhoruba ikiwa kali, onyesho la Bregenz linaweza kuhamishiwa ndani ya ukumbi bila lile jukwaa la ziwani, lakini viti vya ukumbi ni vichache sana kuliko vya nje, na ni tiketi za madaraja ya juu tu zinazompa mtu haki ya kuingia. Wengine hurudishiwa fedha kwa masharti, na sharti kuu ni muda ambao onyesho lilikuwa limechezwa kabla ya kusimama. Yasomeni masharti hayo kwenye tiketi zenu leo, kabla hamjalipia hoteli, na kama ratiba inaruhusu acheni usiku mmoja wa akiba. Miavuli haifai kwa sababu inawaziba walio nyuma. Nunueni makoti ya mvua yenye kofia, na vaeni nguo za joto ndani, kwani usiku wa ziwani hata Agosti ni baridi kwa mtu aliyetoka Muscat, na onyesho huchukua takriban saa mbili bila mapumziko.

Mvua imewahi pia kuleta jambo jema. Agosti 1937, huko Tanglewood katika jimbo la Massachusetts, okestra ya Boston Symphony ilikuwa ikipiga kazi za mtunzi Mjerumani Wagner chini ya hema wakati dhoruba ilipoanza. Radi zikaimeza okestra, na kondakta Serge Koussevitzky akalazimika kusimama. Gertrude Robinson Smith, mwenyekiti wa tamasha, alipanda jukwaani papo hapo akawaomba watu wachangie jengo la kudumu. Mwaka uliofuata lilikuwa limekwisha kujengwa, paa kubwa lisilo na kuta pembeni, linalofunika watu kama 5,000 na kuwaachia maelfu wengine nyasi za nje. Linatumika mpaka sasa.

Kwetu taarabu, mtu akikunwa anainuka, anakwenda kutunza. Nimeambiwa kwa Wazungu ukipiga makofi mahali si pake unatazamwa vibaya. Nitakuwa Berlin mwishoni mwa Juni. Nifanyeje?
*Msomaji, Unguja*

Kanuni ni nyepesi. Simfonia kwa kawaida ina sehemu nne, na kati ya sehemu moja na nyingine kuna kimya kifupi ambacho wasikilizaji hukihesabu kuwa ni sehemu ya muziki. Makofi hungoja mwisho wa kazi nzima. Mtazame kondakta: mikono yake ikiwa bado juu, hata kama hakuna sauti, kazi haijakwisha, ikishashuka na mwili wake kulegea, piga makofi upendavyo. Katika opera mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mwimbaji aliyemaliza wimbo wake vizuri hupigiwa makofi na kelele za pongezi palepale. Nyasini watu hukosea mara nyingi na hakuna anayewakemea. Kuinuka kwenda jukwaani ndiko kusikofanyika popote, na simu iliyoinuliwa ikiwaka humuudhi aliye nyuma kuliko makofi ya mapema.

Waldbühne itakufaa wewe kuliko ukumbi wowote wa Berlin. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936 ndani ya bonde lenye miti, una nafasi za watu wapatao 22,000, na hadhira yake huja na blanketi, chakula na watoto. Kata tiketi mapema, vaa viatu vya kutembelea kwa sababu ngazi ni nyingi na mteremko ni mkali, na ukae safu za kati badala ya zile za juu kabisa. Usiondoke programu inapomalizika ili kuwahi treni. Okestra hufunga jioni hiyo kwa *Berliner Luft* ya Paul Lincke, wimbo wa mji wao, na hapo hadhira nzima hupiga makofi kwa mdundo na kupiga miluzi pamoja na wanamuziki, bila kumngoja kondakta ashushe mikono.